Mnara Bila Mwalimu Hauzai Mhandisi

Mnara wa simu unaposimamishwa katika mji ulio mbali na makao makuu ya serikali, wenyeji hushangilia, nao wana haki ya kushangilia. Mkazi wa Masalani, kule Ijara katika kaunti ya Garissa, leo aweza kumpelekea nduguye aliye Nairobi pesa kabla chai haijapoa. Hata hivyo, liko swali ambalo ningependa walimu na wanafunzi wa sehemu hizo walitafakari pamoja nami. Je, ni lini mtoto aliyezaliwa karibu na mnara huo atakuwa ndiye anayeusanifu, na kusanifu pia minara ya nchi za wengine?

Wako watakaosema kwamba hiyo ni ndoto ya mchana. Historia ya sekta yenyewe yawakanusha. Mohamed Ibrahim, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mo, alizaliwa Sudan mwaka 1946 katika jamii ya Wanubi. Alisomea uhandisi wa umeme mjini Alexandria, Misri, akafanya kazi katika shirika la simu la Sudan, kisha akaenda Uingereza na kupata shahada ya uzamifu katika mawasiliano ya simu za mkononi kwenye Chuo Kikuu cha Birmingham. Alihudumu katika British Telecom, na mwaka 1998 akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Celtel. Ndiyo iliyoichukua KenCell ya hapa Kenya mwaka 2004, nayo yenyewe ikauzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4. Baada ya kubadilishwa majina, ndiyo Airtel tunayoijua. Mtu huyu hakuanza na fedha. Alianza na hisabati na elimu ya umeme.

Mwalimu naye asijidharau. Agner Krarup Erlang, mwana wa mwalimu wa kijijini huko Denmark, alifundisha shule kwa miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Alijiuliza hivi: ikiwa watu hupiga simu kwa nyakati zisizotabirika, zahitajika laini ngapi ili wachache tu ndio wakose nafasi? Alianza kuchapisha majibu yake mwaka 1909, na hadi leo wahandisi hupima msongamano wa simu kwa kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Swali lake bado lauhusu mnara wa Masalani kila asubuhi ya Idi, watu wote wanapotaka kupeana mkono wa heri kwa wakati mmoja.

Mimi ni mtu wa isimu, na hapa sina budi kuongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Kazi ya kimataifa ya simu si nyaya na betri pekee. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, lililoasisiwa Paris mwaka 1865 na lenye makao yake Geneva, huendesha shughuli zake kwa lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Katika mkutano wake wa masafa ya redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, wajumbe walijadiliana kwa takriban majuma manne juu ya maandishi ya kanuni ambazo zaweza kuipa nchi haki ya kutumia masafa fulani au kuinyima.

Sasa mtazame mtoto wa Masalani. Nyumbani anazungumza Kisomali, lugha isemwayo Kenya, Somalia, Ethiopia na Djibuti. Katika duksi anajifunza herufi za Kiarabu. Herufi si lugha, lakini aliyezijua amekwisha kuvuka kizingiti. Shuleni anakutana na Kiswahili na Kiingereza. Kando ya Mto Tana wako majirani zake Wapokomo, ambao lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, pamoja na Waorma, ambao usemi wao ni tawi la Kioromo. Safaricom ilipoanza kuhudumia Ethiopia mwezi Oktoba 2022, iliingia katika nchi ambamo Kioromo na Kisomali ni lugha za mamilioni ya watu. Mhandisi anayezijua lugha hizo ana silaha ambayo mwenzake hawezi kuinunua dukani.

Nusu ya mtaji, basi, watoto hawa wanayo. Nusu ya pili ni hisabati na fizikia, na hapo ndipo penye donda. Tarehe 13 Januari 2020, magaidi waliishambulia Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa. Waliwaua walimu watatu, na mnara wa mawasiliano nao ukaharibiwa. Walitaka kuukata mji na dunia, wakajua wapige wapi. Baada ya mauaji hayo, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walioondoka, hakuna mshahara unaolingana na uhai. Lakini mnara ulioharibiwa hutengenezwa, ilhali miaka miwili ya fizikia iliyokosa mwalimu hairudi, kwa kuwa mwanafunzi wake amekwisha kupita.

Jambo hili lina uzito zaidi chini ya mtaala mpya, unaomtaka mwanafunzi wa Gredi ya 10 afuate njia moja kati ya tatu, mojawapo ikiwa ya sayansi na uhandisi. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia imekwisha kumchagulia mwanafunzi kabla hajafungua kinywa.

Nini kifanyike? Kwanza, vijana wenyeji wasomeshwe ualimu wa hisabati na fizikia kwa ufadhili, kwa sharti la kurudi kufundisha kwao. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopoteza watu 148 tarehe 2 Aprili 2015 na bado kikafunguliwa tena, chastahili kupewa jukumu hilo. Pili, Mamlaka ya Mawasiliano husimamia mfuko wa kufikisha huduma za simu mahali zisikofika. Ikihitajika, sheria irekebishwe ili kila mnara unaogharamiwa na mfuko huo uandamane na ufadhili wa mwanafunzi mmoja wa ualimu. Tatu, walimu wakome kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mamake. Wanampokonya chombo atakachokihitaji kesho.

Nanyi wanafunzi, msiikimbie fizikia kwa sababu mmeambiwa ni ngumu. Safari ya Geneva hupitia Nairobi, kwenye Chuo Kikuu cha Multimedia, kilichotokana na chuo cha Mbagathi cha mwaka 1948. Huanzia, hata hivyo, katika somo la mawimbi hapo hapo Masalani. Kwa hiyo serikali inapotutangazia idadi ya minara iliyojengwa kaskazini mashariki, tuiombe itutajie, siku hiyo hiyo, idadi ya walimu wa fizikia iliowapeleka.