Baridi ya Mwanao Ughaibuni



Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, amekasirika. Mwanawe yuko Uingereza mwaka wa pili, na fedha za bati bado hazijafika. "Katibu, mwandikie wewe, huenda akakuogopa." Nikamwandikia, tena kwa maneno makali, wala sikumjulia hali.

Jibu lake limenisumbua hadi leo. Desemba huko jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote humkuta kazini. Chumba hupashwa joto kwa gesi, na mita hulipiwa kabla, mfano wa luku yetu. Salio likiisha, baridi huingia. Yeye huwasha kwa muda wa saa moja tu kila jioni, kisha hulala na koti. Nguo hukaukia ndani, na unyevu ule huotesha ukungu ukutani. Juu ya kodi ya nyumba ipo kodi ya halmashauri, ambayo kwa kawaida hulipwa na mpangaji. Sisi huzidisha paundi kwa shilingi tukaona utajiri. Yeye hupata kwa paundi na hutumia kwa paundi.

Nilimsomea mama jibu lile. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hilo koti lenyewe ni zito?"

Barua ya kamati ya kuwaomba walio nje mchango wa pampu ya kisima ilikuwa tayari mezani kwangu. Nimeizuia, hadi nimpigie kila mmoja wao simu na kumwuliza hali kwanza.