Elimu Irudi Nyumbani

Chuo Kikuu chetu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, mji ungali ukiitwa Stanleyville. Humo wengine huchunguza samaki wa mto, wengine miti ya mwitu, wengine malaria. Kule Yangambi, penye utafiti wa kilimo tangu 1933, mnara wa meta 55 hupima hewa ivutwayo na kutolewa na msitu.

Kazi ni nyingi, shina ni moja: kuuliza kwa bidii. Basi twawasihi wazazi: mtafiti akipiga hodi, msimfiche mlijualo; mvuvi Mgenia aujua mto wake. Nawe mwanafunzi, ukiisha kuandika, rudi ukawasomee waliokujibu. Elimu isiyorudi kijijini ni deni lisilolipwa.