Kiherehere cha Moyo

Kwa muda wa miaka miwili shangazi yangu alilalamika kwamba ana kiherehere cha moyo. Sisi jamaa zake tulimjibu kuwa hayo ni mawazo ya ujane, apumzike tu kitamwisha. Asubuhi moja, akiteka maji mtungini, kata ilimponyoka, mkono wa kuume ukalegea na maneno yakamkwama. Hospitalini daktari hakuanza na mkono uliopooza. Aliushika ule mzima, akatafuta mapigo, akatulia kitambo kirefu. Mapigo yalikuwa hayana mpango: mawili ya haraka, moja dhaifu, kimya, kisha matatu mbio mbio.

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Katika chumba cha juu cha kuume pana kinundu kidogo kitoacho umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Umeme huo husambaa chembe kwa chembe, na vyumba vya juu hujikaza kwa pamoja. Bila shaka umewaona akina mama watatu wakitwanga katika kinu kimoja, kila mchi kwa zamu yake. Sasa fikiri kila mmoja akitwanga apendavyo: michi inagongana, jasho linawatoka, na mahindi yako vile vile. Ndivyo yalivyo maradhi haya. Vyumba vya juu havipigi tena, vinapapatika zaidi ya mara 300 kwa dakika, na ni sehemu tu ya fujo hiyo ipenyayo hadi chini.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa, waliwachunguza wagonjwa 45. Kati ya vyanzo 69 vya umeme huo wa fujo, 65 vilikuwa ndani ya vena zitokazo mapafuni, mahali ambapo nyama ya moyo hujipenyeza kidogo. Lakini cheche haiwashi kuni mbichi. Uzee na shinikizo la damu huzikausha kuni hizo. Kwetu Afrika ya Mashariki iko sababu nyingine: maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, ambayo huweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuacha makovu katika vali ya moyo. Vali ikisinyaa, chumba kilicho nyuma yake hutanuka mwaka hata mwaka, na nyuzi za kovu huzitenga chembe, umeme ukawa hauna njia iliyonyooka. Shangazi alikumbuka kuvimba viungo alipokuwa msichana.

Lililonitia simanzi zaidi ni habari ya mbuzi. Mwaka 1995 wataalamu wa Maastricht, Uholanzi, waliwafunga mbuzi chombo cha kuamsha mpapatiko kila ulipotulia. Mwanzoni ulidumu sekunde chache tu. Baada ya siku kadhaa, katika mbuzi 10 kati ya 11, ulidumu zaidi ya saa 24. Chembe zinazochokozwa mno hulemewa na kalsiamu. Katika kujihami hupunguza kuingiza kalsiamu, na hapo muda wao wa kupumzika baada ya kila pigo hufupika. Chembe iliyokwisha pumzika upesi huwa tayari kuchokozwa tena, na wimbi la umeme huzunguka bila kukoma. Moyo hujizoeza ugonjwa. Nasi tulimwambia shangazi asubiri.

Damu isiyosukumwa vema hutuama, hasa katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, na ikituama huganda. Bonge likichomoka huweza kuziba mshipa wa ubongo. Uchunguzi wa Framingham, Marekani, uliotolewa mwaka 1978, ulionyesha kuwa mpapatiko huu ukiungana na maradhi ya vali yatokanayo na homa hiyo huzidisha hatari ya kiharusi mara 17.

Shangazi sasa humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa hiyo ni ya zamani, lakini kwa wagonjwa wa namna yake utafiti wa mwaka 2022 uliiona kuwa bora kuliko rivaroksabani iliyo mpya.

Leo jioni, msomaji, shika kifundo cha mkono wa mzee wako, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Ukiyakuta mapigo hayana mpango, hata kama hasikii maumivu yoyote, mpeleke akapimwe umeme wa moyo.