Kona ya Mwalimu: Video ya harusi iliyokatwa sauti

Mwezi uliopita tuliongea juu ya karo na fomu za mitihani, na wengi mlikuja darasani kuuliza maswali, asanteni. Mwezi huu tunageuka upande mwingine kidogo. Kuna mama mmoja wa hapa kambini aliyekuja kwetu na simu mkononi, akakaa kwenye benchi la watoto, akasema: "Mwalimu, nirudishieni sauti ya baba."

Jambo lenyewe liko hivi. Mwaka juzi, mwezi wa nane, mama huyo alimwozesha binti yake wa pili. Sherehe ilikuwa uani, chini ya turubai, spika zimekodiwa, rumba inalia tangu saa nane mchana. Saa kumi hivi babu wa bibi harusi akasimama na fimbo yake akaanza kubariki kwa Kibembe, anataja majina ya ukoo tangu milimani kwao Fizi mpaka hapa tulipo. Kijana wa muziki alipunguza sauti lakini hakuzima. Sisi ndio tulikuwa tumeshika simu, eti sababu mkono wa mwalimu hautetemeki. Dakika 11. Usiku ule ule tukaipandisha kwenye mtandao mmoja ambao karibu kila mtu anautumia, ili binti mkubwa aliyepelekwa Marekani aone harusi ya mdogo wake. Bando lote liliisha hapo.

Asubuhi dada akaandika: "Naona babu anafungua mdomo tu. Sauti iko wapi?" Kumbe mtandao ulikuwa umeisikia ile rumba ya nyuma, ukakata sauti ya video nzima. Babu akaenda pamoja na rumba. Tulibofya mahali pa kupinga, tukaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba hii ni harusi yetu, hatuuzi kitu. Jibu likarudi: imekataliwa.

Na hapa tuseme ukweli, kosa kubwa lilikuwa letu. Simu ilikuwa imejaa, na kabla dada hajaandika tulikuwa tumeshaifuta video kwenye simu ili kupata nafasi. Tulidhani ikishakaa mtandaoni iko salama. Babu alifariki mwezi wa kumi na mbili. Sasa familia wanataka kuweka sauti yake siku ya ibada ya kumkumbuka, na sauti hakuna.

Wengi mnauliza, nani alituchongea? Hakuna mtu. Mnakumbuka siku ya kuhakikiwa, unaweka kidole kwenye mashine na jina lako linatokea? Nyimbo nazo zimechukuliwa alama hivyo hivyo. YouTube walianzisha mfumo wao mwaka 2007, unaitwa Content ID. Mwenye wimbo anaupeleka kwao, mashine inachukua alama zake, na kila video inayopandishwa inalinganishwa. Mashine ikikuta wimbo, inafuata alichoagiza mwenye wimbo: video izuiwe, au iachwe lakini pesa za matangazo ziende kwake, au ahesabu tu watazamaji. Mashine haijui harusi wala matanga. Inajua rumba.

Na mashine inakosea. Mwaka 2018 James Rhodes, mpiga piano wa Uingereza, alijirekodi nyumbani akipiga Bach, akaweka Facebook. Sony Music wakadai sekunde 47 ni zao. Bach alikufa mwaka 1750! Ilibidi mzungu wa watu apige kelele hadharani ndipo dai likaondolewa. Yeye alikuwa na jina. Sisi wa kambini tukipiga kelele nani anasikia?

Lakini yuko mama mmoja wa kawaida aliyepiga kelele mpaka mahakamani, na habari yake tunaipenda. Anaitwa Stephanie Lenz, wa Pennsylvania, Marekani. Mwezi wa pili mwaka 2007 alimrekodi mtoto wake mdogo akicheza jikoni, sekunde 29 tu, na nyuma yake unasikika wimbo wa Prince, "Let's Go Crazy". Akaiweka YouTube ndugu na marafiki waone. Mwezi wa sita kampuni ya Universal ikaandika barua na video ikaondolewa. Mama akapinga, video ikarudi baada ya wiki kadhaa. Wengine wangeishia hapo, yeye akafungua kesi, akisaidiwa na wanasheria wa shirika la EFF. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema kwamba kabla kampuni haijaomba video iondolewe, ni lazima kwanza ifikirie kama matumizi hayo yanaruhusiwa na sheria. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2018. Mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea alikuwa ameshafika umri wa sekondari.

Ule ushindi ni wa sheria ya Marekani, na ni wa nusu. Mahakama haikusema kila video ya familia iko huru.

Sasa tusiwalaumu sana wenye nyimbo. Mwanamuziki naye anakula kwa jasho lake. Kuna vijana wetu hapa kambini wamerekodi nyimbo kwa pesa ya kuuza sehemu ya mgawo, na siku wakikuta wimbo wao kwenye video ya mtu mwingine anayepata pesa, watakuja kulia kwa mwalimu pia. Uganda, Kongo na Marekani, kote kuna sheria za kumlinda mtunzi. Hiyo ya Uganda ni ya mwaka 2006. Tunachokataa sisi ni sauti ya mzee kuondolewa kwa sababu ya spika ya jirani.

Tumesikia maneno mengi pale kwenye kibanda cha chaji na mengine si kweli. Eti ukitumia wimbo chini ya sekunde 30 huna kosa. Si kweli, hakuna sheria ya namna hiyo. Eti ukiandika chini ya video "wimbo huu si wangu" mashine inakusamehe. Haisomi. Eti nilinunua CD, kwa hiyo ni wangu. Ulinunua CD, hukununua wimbo. Na kwaya msikilize hapa: wimbo wa zamani unaweza kuwa hauna mwenyewe tena, lakini kanda iliyorekodiwa na kwaya fulani ina mwenyewe. Mkiuimba ninyi wenyewe kwa midomo yenu, ile kanda haiwahusu. Ngoma za kwetu vilevile, pigeni kwa mikono yenu.

Dai la mashine na onyo ni vitu viwili. Kwenye YouTube, dai la Content ID peke yake haliharibu akaunti yako, na mara nyingi video inabaki, ila pesa za matangazo haziji kwako. Kwa sisi tunaotumia ndugu zetu tu, hiyo si hasara. Onyo linakuja pale mwenye wimbo anapoandika rasmi video iondolewe. Maonyo 3 ndani ya siku 90 na akaunti inaweza kufungwa, video zako zote zikaenda nayo. Ukipinga dai la kawaida, mwenye wimbo ana siku 30 za kujibu. Pinga kama una sababu, usibofye kwa hasira kama tulivyofanya sisi.

Na hili wazazi tunaomba mlisome mara mbili. Video ikiondolewa rasmi, unaweza kuandika barua ya kupinga, lakini barua hiyo inataka jina lako kamili na anwani unapokaa, na YouTube wanampelekea aliyedai. Tena unakubali kwamba ukishtakiwa, mahakama ya Marekani inaweza kusikiliza kesi. Kwa mtu aliyeko kwao salama ni karatasi tu. Kwa mtu aliyekimbia na anaficha alipo, ni jambo lingine kabisa. Usijaze fomu hiyo peke yako usiku kwenye simu. Nenda kwanza uongee na wale wa msaada wa sheria.

Kuna chombo ndani ya YouTube cha kufuta wimbo uliodaiwa na kuacha sauti za watu. Walikiboresha mwaka 2024. Wenyewe wanasema wakati mwingine kinashindwa, hasa wimbo ukiwa umeshikana sana na maneno. Lakini heri hicho kuliko ukimya. Njia rahisi kuliko zote ni kumtumia ndugu video moja kwa moja kwa WhatsApp. Huko ujumbe unafungwa toka simu yako mpaka yake, hakuna mashine ya nyimbo katikati. Itume kama faili, siyo kama video, ili picha isiharibike. Kama ni ndefu, ikate vipande.

Na wakati mzee anaongea, mwambieni kijana wa muziki azime. Azime kabisa, siyo kupunguza. Dakika 10 bila rumba hakuna mgeni atakayeondoka, chakula bado hakijaletwa.

Tulizunguka wiki mbili tukiuliza nyumba kwa nyumba nani mwingine alirekodi siku ile. Tumepata kitu kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha chaji. Memori kadi ya zamani, ina kipande cha dakika 3, kimechukuliwa nyuma ya watu, picha ni migongo tu. Lakini sauti ipo. Inaanza pale babu anapomwita bibi harusi kwa jina la bibi yake. Mama amekisikiliza mara nyingi mpaka chaji ikaisha, na dada wa Marekani tumemtumia.

Kwa hiyo Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, leteni simu na memori kadi zenu shuleni. Tuna kompyuta moja inayotumia sola, tutawahamishia video za wazee na za watoto kwenye kadi ya pili. Kadi njooni nayo mwenyewe, sisi hatuna. Na kama kuna mwingine alikuwa kwenye harusi ile na simu, zile dakika 8 zilizobaki bado tunazitafuta.

Mwezi ujao tutaongea juu ya vyeti vya kuzaliwa.