NENO LA SIRI HALIAZIMWI

Ndugu Wanachama,

Liko jambo ambalo wengi wetu hulifanya kazini na wachache hulikiri: kumpa mwenzako neno lako la siri la kompyuta.

Sababu zake twazijua, maana hata sisi tumezitoa. "Meneja mwenyewe amelibandika lake mezani." "Hakuna aliyeumia." "Tukifuata kila amri, magari hayatapakiwa leo." "Mwenzangu amekwama, nimsaidie."

Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, walieleza kwamba vijana wavunjao sheria hujipa udhuru wa namna hii kwanza, ili dhamiri isiwasumbue. Mwaka 2010 Mikko Siponen na Anthony Vance walitoa uchunguzi juu ya wafanya kazi na amri za kompyuta. Waliona kwamba udhuru huo una nguvu kuliko hofu ya adhabu. Basi waajiri wanaodhani vitisho vitatosha wamekosea. Na sisi tujipime.

Hakuna aliyeumia? Ndani ya kompyuta za kazini mna mishahara yetu, namba za vitambulisho na habari za ugonjwa wetu. Zikitoka, zinazoumia ni nyumba zetu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Udhuru wa hatari zaidi ni ule wa kumsaidia mwenzako, kwa kuwa umevaa nguo za umoja. Chukua karani wa stoo aliyemwachia mwenziwe mashine saa ya chakula. Kompyuta haijui uso, hujua jina. Mifuko ya saruji ikipungua, itaonyesha jina la karani na saa, wala haitasema nani alikuwa kitini.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamlazimisha mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwapo mwenzake au mjumbe wa chama. Mjumbe wetu atakuja na kusimama nawe. Lakini atajibu nini ukiulizwa kama ulimpa mtu neno lako? Zaidi ya hayo, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 yahesabu kulitoa bila ruhusa kuwa kosa la jinai.

Hatusemi haya kuwafurahisha waajiri. Makarani wanne wakipewa jina moja la kuingilia, kosa ni la aliyewapa. Mtu akidaiwa kazi ya siku mbili kwa siku moja, amri hiyo imevunjwa na aliyeitunga. Kwa hiyo twadai kila mfanya kazi apewe jina lake mwenyewe, mashine ziwe za kutosha, mafunzo yatolewe katika saa za kazi zenye malipo, na amri ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Nanyi wanachama, amri isiyofuatika msiivunje kimya kimya. Mpelekeeni mjumbe, aipeleke mezani pa mazungumzo. Mwenzako akikuomba neno lako, mkatalie kwa upole, kisha nendeni pamoja mkadai lake. Huo ndio umoja.

Umoja ni Nguvu.

Mhariri