Usimfanye Mama Yako Mlevi

Mwanafunzi wangu mmoja alitunga insha ya kumsifu mama yake, auzaye mboga sokoni tangu alfajiri. Aliandika: "Mama yangu ni mlevi wa kazi." Nilipomwuliza, alijibu kwa fahari kwamba amelitafsiri neno la Kiingereza cha mitaani, "workaholic", aitwavyo mtu asiyebanduka kazini. Ni kweli, wenye lugha yao waliukata mkia wa neno la mlevi wakaubandika kwenye kazi, nao wanaelewana. Lakini kwetu mlevi ni mlevi. Jirani akiisoma insha ile atauliza mama huyo anakunywa wapi.

Neno lilikuwapo: mchapakazi.

Sina ugomvi na Kiingereza. Ni lugha rasmi nchini Burundi tangu 2014, nanyi mtakihitaji. Ninachokipinga ni pupa ya kukariri misemo ya wageni kuhusu wafanyakazi, ilhali kwa Kiswahili mmebaki na neno moja tu la lawama. Kila afanyaye kazi vibaya, kwenu ni mvivu. Hiyo si haki!

Zitazameni kazi za pamoja za Jumamosi. Yule ashikaye jembe akapiga soga mpaka wenzake wamalize mtaro ni mtegeaji: nguvu anazo, ila anangojea za wengine. Yule achimbaye mbiombio, mtaro ukaporomoka kwa mvua ya kwanza, si mvivu hata kidogo, amelipua kazi. Aliyekabidhiwa majembe akayasahau nyumbani ni mzembe. Wa nne anajikokota. Usimwite goigoi kabla hujauliza. Huenda ndiyo kwanza ameinuka kutoka kitandani, alikolazwa na malaria. Ukiwaita wote wavivu, umemwonea huyu wa nne na kumsitiri mtegeaji.

Muhula uliopita, kiranja mmoja aliniletea ripoti iliyomtaja mwenzake kuwa "mvivu sana". Nikaja kujua kwamba kijana huyo hubeba magunia sokoni kabla ya jua kuchomoza, kisha husinzia darasani. Hamali wa alfajiri ameandikwa mvivu, tena kwa wino, katika karatasi iliyokuwa njiani kwenda kwa mkuu wa shule! Niliirudisha.

Basi kabla ya Jumatatu niandikieni sentensi tatu: moja ya mtegeaji, moja ya mzembe, moja ya aliyelipua kazi. Msimtaje mwenzenu kwa jina.