Bushi ya Antena: Niliwaambia Nailoni, Nilikosea

Leo nafuta kauli. Mapema 2025 niliweka video ya kutengeneza mlingoti wa antena unaozunguka, paipu ndani ya paipu, na nikawaambia bushi ya kuweka katikati ni nailoni. Nilisema kwa mikogo kabisa: inateleza yenyewe, haitaki grisi, fundi wa kukereza anakutolea ukingoja. Wengi mlifuata. Sasa nina ujumbe kutoka Nkubu, Chuka na Kiritiri wa watu ambao mlingoti wao umegoma kugeuka, na wengine wananiomba radhi ati labda walipima vibaya. Hamkupima vibaya. Mimi ndiye niliwashauri vibaya.

Na yangu pia ilinipata. Tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, Harambee Stars na Madagascar pale Kasarani. Tuko kwa shosho, upande wa Runyenjes, nyumba imejaa. Mechi inaingia penalti, picha inaganda. Dawa kila mtu anaijua: mmoja anatoka nje anageuza mlingoti pole pole, walio ndani wanapiga kelele "hapo hapo!" Binamu yangu akatoka. Mlingoti haukusogea hata kidogo. Akachukua spana ya paipu, akaning'inia nayo. Paipu ya ndani ikakataa, kibano cha ukutani ndicho kikaachia pale kilipochomelewa, na mlingoti wote ukainama upande wa waya wa stima. Ulisimama kama mkono mmoja hivi kabla ya kuugusa. Kwamba Kenya imetolewa tuliambiwa na jirani baadaye, na kusema kweli hakuna aliyejali. Shosho alikuwa ameketi kwenye nyasi, hasemi kitu.

Wasomaji wa Nairobi mtauliza kwa nini mtu azungushe antena mwaka huu. Njooni mpande barabara ya Embu kwenda Meru mjionee: kona, bonde, mto, kilima, tena bonde. Mawimbi ya TV husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, na ukiwa nyuma ya kilima unatafuta pa kuchungulia. Mnara mmoja uko huku na chaneli zake, mwingine uko kule. Zamani za analogia ulivumilia chenga na sauti ukasikia. Tangu tuhamie dijitali mwaka 2015, picha ama iko safi ama imeganda, hakuna katikati. Kwa hivyo mlingoti uliokwama siku hizi ni TV iliyokufa. Na wenye antena ya intaneti ya kuelekeza kwa mnara, kama mimi ninayepakia video, shida ni hiyo hiyo.

Sasa, nailoni. Nailoni hunywa maji. Ile ya kawaida ikikaa majini mpaka ishibe, inabeba hadi karibu asilimia 8 au 9 ya uzito wake, na inavimba. Mimi nilikuwa nimeagiza ikerezwe ikae kabisa, nafasi ya unywele, kwa sababu niliona kubana ndiyo ufundi. Mnajua Julai na Agosti huku kwetu: si mvua ya maana, ni manyunyu na ukungu, wiki baada ya wiki, jua hulioni. Bushi ikashiba pole pole. Nje imezuiwa na paipu kubwa, ikavimbia ndani, ikashika paipu ndogo kama pete kwenye kidole kilichovimba.

Nilipowauliza mafundi wa jua kali Embu mjini, karibu wote walisema niweke beringi. Mzee mmoja hata alinionea huruma: "Kijana, kitu ya kuzunguka ni beringi." Namheshimu mzee, lakini hapa nakataa. Beringi imeundwa kwa gurudumu la pikipiki, kitu kinachozunguka kutwa na kutawanya grisi yake kila wakati. Mlingoti unageuka robo mzunguko kwa wiki, halafu unasimama. Maji yanakaa kwenye gololi, kutu inaanza pale pale, na upepo unaotikisa antena usiku kucha unazifanya gololi zichimbe vishimo mahali pamoja. Adui wetu hajawahi kuwa msuguano. Ni maji.

Ukishakubali hilo, jibu liko kwa hadiwea yoyote: paipu nyeusi ya maji, ile HDPE inayouzwa kwa mita. Haifyonzi maji karibu hata kidogo. Weusi wake ni kaboni, masizi yaliyochanganywa humo, ndiyo maana inastahimili jua wakati jerikeni la manjano likiachwa nje linavunjika kama biskuti. Na inateleza kwenye chuma bila grisi. Grisi kwanza iogope. Ukikaa kando ya barabara ya vumbi, grisi na vumbi ni msasa.

Vipimo, kwa sababu hapa ndipo niliharibu. Paipu ya GI ya inchi moja na nusu, nje yake ni milimita 48.3. Ya inchi mbili, ndani yake ni karibu 53, inategemea unene uliopewa, kwa hivyo pima kabla ya kulipa. Kata ukanda wa paipu nyeusi wenye unene wa milimita 2, utie kwenye maji ya moto ulainike, uuzungushe kwenye paipu ndogo. Pande zote mbili zinakula milimita 4, unabaki na karibu 0.7 ya kupumua. Usiiogope hiyo nafasi. Ncha za ukanda zisikutane, acha mwanya wa kidole: plastiki hii hutanuka na joto kuliko chuma mara kama kumi, kwa hivyo mchana wa jua itajinyoosha kwenye mwanya badala ya kubana, na maji ya mvua yatashukia hapo hapo. Bolti moja ndogo ya kuuzuia usiteremke inatosha.

Weka bushi mbili, mbali iwezekanavyo. Kwenye video yangu zilikuwa shibiri moja kati yake, aibu. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya upepo inayobana kila bushi inapungua karibu nusu. Uzito wenyewe wa mlingoti usiukalishe kwenye bushi. Chini weka kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia mboga, paipu isimame juu yake, na tundu la kutolea maji. Juu, pale paipu ndogo inapotokea, funga tyubu ya baiskeli iliyokatwa ikae kama sketi.

Shaba? Nzuri, lakini ni ghali, ikilowa pamoja na GI inakula ile zinki ya juu ya paipu, na wanunuzi wa skrepu wataijua kabla ya jirani. PVC hukauka na kupasuka juani. Kuna aliyenishauri mti wa muuru, ule mgumu wa kwetu Meru, akaniambia hata meli zilizungusha rafadha ndani ya bushi za mbao. Ni kweli, zilitumia mti wa Amerika uitwao lignum vitae. Ila wa meli umelowa siku zote. Wetu unalowa Novemba na kukauka Februari, na hapo tumerudi kwenye hadithi ya nailoni.

Mlingoti wa shosho tumeuhamishia nyuma ya zizi, mbali na waya. Anaugeuza mwenyewe kwa mkono mmoja.

Kama wako umegoma, tafadhali usiuguse kwa spana, hasa kama kuna waya wa stima popote unapoweza kuangukia. Vumilia mpaka Januari au Februari, nailoni ikauke. Nyingi zitaachia zenyewe. Siku hiyo uushushe wote, watu wawili au watatu, uichomoe. Kama huna pesa ya paipu nyingine, chukua msasa upanue tundu la hiyo nailoni mpaka icheze kwa milimita moja nzima, kisha upasue mwanya ubavuni. Video ya zamani nimeiachia maandishi mekundu juu. Ukiona mtu bado anaisambaza bila hayo maandishi, mtumie hii.